Jinsi ya kusoma habari za vita vya mtandaoni vya Marekani, China na Urusi bila kuingizwa mjini

Wadau, kila wiki lazima kuna mtu anatupia kwenye grupu kichwa cha habari cha kutisha, mara China imeingia kwenye mitambo ya simu ya Marekani, mara Urusi imezimia watu umeme, mara Marekani imeibania China chipu, na chini yake watu arobaini wanabishana kama wapo Kwa Mkapa siku ya dabi, huyu timu Beijing yule timu Washington, alafu ukiuliza kwani kilichoibiwa ni nini hakuna anayejua. Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao maofisini, rauta, kamera, waya kwenye dari, sio mchambuzi wa siasa za dunia, ila hizi habari nazifuatilia miaka mingi sababu vifaa ninavyofunga ndo hivyohivyo wanavyogombania. Nimeona niandike namna ninavyosoma mimi. Hatua zenyewe hazilingani urefu, nyingine fupi nyingine itabidi uvute kiti.

Anza na swali dogo: kwani kimefanyika nini?

Neno "shambulio la kimtandao" limebebeshwa mizigo yote. Mtu kaingia kwenye barua pepe za waziri kasoma kaondoka, shambulio. Mtu kazima umeme wa mkoa, shambulio. Mtu kafunga mafaili ya hospitali anadai bitcoin, shambulio. Ni mambo tofauti kabisa na ukiyachanganya hutaelewa kwanini siku nyingine nchi inapiga kelele siku tatu inanyamaza na siku nyingine inaweka vikwazo. Mimi kila habari naiweka kwenye fungu lake, kuchungulia, kuiba ujuzi wa biashara, kuharibu, kusaka hela, na kunyimana vifaa. Usiyashike kama msahafu, kuna habari zinaruka ukuta, lakini pa kuanzia ni hapo.

Chukua kuchungulia. Mwaka 2015 Marekani iligundua ofisi yake inayotunza mafaili ya watumishi wa serikali, OPM, imeingiliwa na taarifa za watu milioni 21.5 zimeondoka, tena sio majina tu, ni zile fomu ndefu anazojaza mtu anayeomba kazi nyeti, madeni yake, ndugu zake wa nje, matatizo yake ya nyuma, na juu yake alama za vidole za watu milioni 5.6. Kidole kikaelekezwa China. Ungetegemea moto uwake si ndio? Bosi wa ujasusi wa Marekani wakati huo, James Clapper, akasema hadharani maneno ambayo ukiyakamua ni ya kuwavulia kofia Wachina, na kwamba wao wangepata nafasi kama ile wasingesita hata dakika. Anajua anachosema, sababu miaka miwili nyuma, Juni 2013, Edward Snowden aliyekuwa anafanyia kazi NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, alishamwaga mchele kwenye kuku wengi, na mwaka uliofuata ikatoka kwamba NSA yenyewe ilikuwa imeingia mpaka kwenye seva za Huawei kule Shenzhen. Kwenye kuchungulia wote wanachunguliana, na wote wanajua.

Kilichowauma Wamarekani ni fungu la pili. Mei 2014 Wizara ya Sheria yao iliwafungulia mashtaka maafisa watano wa jeshi la China, kikosi kinaitwa 61398 kiko Shanghai, kwa kuiba siri za kampuni kama Westinghouse na US Steel. Hapo sio jasusi anatafuta siri za jeshi, ni mtu wa serikali anaiba michoro na bei za kampuni, faida inaenda kwa kampuni za kwao. China ikasusa, ikasimamisha kamati ya pamoja ya mambo ya mtandao. Mwaka uliofuata Washington ikaanza kutishia vikwazo wiki chache tu kabla Xi Jinping hajaenda kwenye ziara rasmi, na hapo Beijing ikamtuma haraka mtu mzito, Meng Jianzhu aliyekuwa anasimamia mambo ya usalama, wakakaa wakaongea mpaka usiku, na tarehe 25 Septemba 2015 Obama na Xi wakasimama pamoja wakatangaza kwamba hakuna serikali itakayoiba kwa mtandao siri za biashara ili kuzinufaisha kampuni zake.

Isome tena hiyo ahadi taratibu. Siri za biashara. Hakuna popote walipokubaliana kuacha kupelelezana. Kwahiyo mtu akikuletea habari kwamba China imeingia kwenye kampuni za simu za Marekani, kama ile ya kundi la Salt Typhoon iliyolipuka mwishoni mwa 2024, akasema "si unaona wamevunja mkataba", mwambie kaka, mkataba haukuwahi kugusa hapo. Tena kwa muda ule wa mwanzo wizi wa biashara ulipungua kweli, kampuni ya usalama wa mtandao ya FireEye ilitoa ripoti yake 2016 ikaonyesha mashambulio ya makundi ya China yameshuka, ingawa kushuka kwenyewe kulianza kabla ya mkataba. Baadaye, 2018, Marekani ikaanza tena kulalamika na Desemba mwaka huo ikafungua mashtaka mengine. Mkataba ulifanya kazi kadiri kila mmoja alivyoona una faida, sio zaidi.

Pili, usimtaje mhusika kabla ya karatasi

Hapa ndo watu wengi wanaumbuka na mimi ni mmoja wao. Julai 2023 mnakumbuka eCitizen ya Kenya ilivyolala? Huduma za serikali mtandaoni hazipatikani, watu wananunua tokeni za umeme haziingii, tiketi za treni ya SGR shida, malipo ya simu yanasuasua, mpaka serikali ikasema wageni waliokwama kuomba viza watapewa wakifika. Kundi linaitwa Anonymous Sudan likajitokeza likasema ni sisi, sababu Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Na hapo wataalamu wengi wa huko nje walikuwa wameshasema muda kwamba hilo kundi Sudan ni jina tu, ni Warusi, wana chaneli ya Telegram, wanashirikiana na vikundi vinavyoishabikia Urusi, mara wanaandika Kirusi. Hoja zilikuwa zinaingia akilini kabisa, na mimi nikawaambia watu kwa kujiamini, hawa ni Putin.

Oktoba 2024 Marekani ikatoa hati ya mashtaka. Washtakiwa ni ndugu wawili, Wasudani.

Tangu siku ile nina utaratibu wangu. Habari ikitoka nauliza nani kasema na ameweka nini mezani. Kuna ngazi. Chini kabisa ni mtu wa mtandaoni anayesema "inasemekana". Juu yake kampuni ya usalama wa mtandao iliyotoa ripoti yenye vielelezo vya kiufundi, hiyo unaipa uzito lakini ukumbuke nayo inauza bidhaa. Juu yake ni serikali kadhaa kwa pamoja zinatoa tamko. Na juu ni hati ya mashtaka, yenye majina, tarehe, na wakati mwingine mpaka picha, ingawa nayo ni madai mpaka mahakama iseme, na wale maafisa watano wa Shanghai hawajawahi kusimama mahakamani Marekani na sidhani kama watasimama.

Hivi vitu vinachukua muda pia. Kile kirusi cha WannaCry kilipiga tarehe 12 Mei 2017, lakini Marekani na Uingereza kutangaza rasmi kwamba ni Korea Kaskazini ilifika Desemba. Miezi saba. Sasa mtu anayekupa jina la mhusika saa sita baada ya tukio amelitoa wapi.

Na usidhani ni Marekani peke yake inayonyooshea wenzake vidole. China siku hizi inacheza mchezo uleule, Septemba 2022 iliituhumu NSA kuingia kwenye chuo kikuu cha Northwestern Polytechnical kule Xi'an, na Aprili 2025 polisi wa Harbin wakataja kwa majina watu watatu waliosema ni wa NSA, kwamba walishambulia mifumo ya michezo ya majira ya baridi ya Asia. Ukisoma upande mmoja tu utaona kila siku mwizi ni yuleyule.

Huku kwetu nako ziko mbili za kuwekwa kwenye fungu la madai. Januari 2018 gazeti la Ufaransa Le Monde liliandika kwamba makao makuu ya Umoja wa Afrika pale Addis Ababa, jengo lililojengwa na China, lilikuwa kila usiku kati ya saa sita na saa nane linatuma data Shanghai. Na Mei 2023 Reuters wakaandika kwamba wadukuzi wa China walikuwa wameingia kwenye mifumo ya serikali ya Kenya kwa miaka kadhaa, kutafuta taarifa za deni. China ilikanusha zote mbili, na ile ya Addis hata viongozi wa Umoja wa Afrika waliikana. Mimi binafsi naona hiyo ya deni ina mantiki, kama nimekukopesha hela nyingi natamani kujua unapanga kunilipa vipi. Lakini mantiki sio ushahidi, nimeshajifunza kwa wale ndugu wawili.

Tatu, fuatilia silaha ilipotoka na ilipoishia

Hatua hii naipenda sana. Bomu likilipuka limeisha, lakini programu ukiirusha kwa adui umempa na nakala.

WannaCry ilikuwa inaingia kwenye Windows kupitia upenyo ambao NSA iliujua, ikautengenezea kifaa chake kinaitwa EternalBlue, ikakaa nacho kimya. Kundi linajiita Shadow Brokers likakipata, Aprili 2017 likakimwaga mtandaoni bure. Mwezi mmoja baadaye Korea Kaskazini imekifunga kwenye kirusi chake na hospitali za Uingereza zinaahirisha wagonjwa, kompyuta zaidi ya laki mbili kwenye nchi zaidi ya 150. Kinachouma ni kwamba Microsoft walishatoa apdeti ya kuziba tangu Machi. Watu hawakuweka. Na najua kwanini hawakuweka, sababu kila nikienda kwa mteja nakuta ile alama ya "apdeti inasubiri" ina miezi minane na ananiambia inamalizia bando.

Alafu Juni 27 mwaka huohuo ikaja NotPetya, hii nayo ilitumia EternalBlue. Jeshi la Urusi ndo lililolaumiwa, na Marekani baadaye iliwafungulia mashtaka maafisa wake. Waliingia kupitia M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi ambayo biashara nyingi za Ukraine zinaitumia, wakaweka sumu kwenye apdeti yake, yani wewe unafanya kitu sahihi, unapdeti, ndo unajiua. Ilijifanya inadai hela lakini hata ukilipa mafaili hayarudi, ilikuwa ni ya kuharibu tu. Lengo Ukraine, lakini kirusi hakina pasipoti, kampuni yoyote yenye ofisi Ukraine ikabeba ugonjwa kwenda makao makuu. Ikampiga Maersk wa Denmark, Merck wa Marekani, na ikarudi mpaka Urusi kwenyewe, Rosneft kampuni kubwa ya mafuta ya huko ikasema nayo imeshambuliwa. Ikulu ya Marekani ilikadiria hasara ya jumla dola bilioni 10.

Sasa ya Maersk lazima niieleze. Hii ndo kampuni ya makontena, ukienda bandarini Dar au Mombasa unaliona jina lao. Kwa muda mfupi kompyuta zao dunia nzima zimekufa, meli zipo baharini, malori yamepanga foleni mageti ya bandari na hakuna anayejua kontena gani ni la nani. Mafundi wao wakaanza kujenga upya kule Uingereza, wakapata nakala za karibu kila kitu isipokuwa ile seva inayojua nani ni nani kwenye mtandao, nani ana ruhusa gani. Zilikuwepo kama 150 dunia nzima zinazonakiliana zenyewe kwa zenyewe, na zote zimefutwa. Zote isipokuwa moja. Ghana. Ofisi ya Ghana umeme ulikatika kabla kirusi hakijafika, seva ikazima, ikapona. Wakataka kuivuta kwa intaneti wakaona itachukua siku nyingi, wakasema basi mtu wa Ghana apande ndege alete, hana viza ya Uingereza. Ikabidi mtu wa Ghana aruke mpaka Nigeria, akakutana uwanja wa ndege na mwenzake, akamkabidhi diski mkononi kama vile unampa mtu mzigo wa kupeleka Mwanza, ndo ikafika Uingereza. Tumezoea kuambiwa tembo wakipigana nyasi ndo zinaumia, safari hii nyasi ndo ilimnyanyua tembo, tena kwa mgao wa umeme.

Kwenye hatua hii hii mpitie na kirusi cha Stuxnet, ile ya kituo cha nyuklia cha Natanz Iran iliyogunduliwa 2010, iliyokuwa inaharibu mashine za kurutubisha urani huku kioo kinaonyesha kila kitu shwari. Inaaminika ni Marekani na Israel ingawa hawajawahi kukiri rasmi. Nayo ilikusudiwa kituo kimoja, ikaja kugunduliwa baada ya kusambaa kwenye kompyuta za nje.

Nne, habari za chipu zisome kama biashara ya duka la jumla

Hapa hakuna aliyeingia kwa mtu usiku, ni kunyimana mchana kweupe. Kuelewa lazima ujue mnyororo. Chipu kali za kufundishia akili mnemba anachora Nvidia, Marekani. Anazitengeneza TSMC, Taiwan. TSMC anatumia mashine zinazotengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, moja inauzwa zaidi ya dola milioni 150. Na ndani ya mashine ya ASML vioo vinatoka kwa Zeiss Ujerumani, na mtambo wa mwanga unatoka San Diego, Marekani. Umeona ujanja? Mholanzi anauza mashine yake lakini kipande cha Mmarekani kipo tumboni, kwahiyo Washington ikisema usimuuzie Mchina, Mholanzi anakuna kichwa. Mashine zile kali kabisa hazijawahi kwenda China.

Mwanzo walimbana Huawei, Mei 2019 ikaingia kwenye orodha ya Wizara ya Biashara ya wasiouziwa bila kibali, ndo wengi wetu tukaanza kuona simu za Huawei zinakuja bila Google. Oktoba 7, 2022 wakapanua wakaibana China nzima kwenye chipu kali. Nvidia kwa sababu hela ni hela akapunguza makali kidogo akatengeneza toleo la kupita chini ya mstari, serikali ikashusha mstari Oktoba 2023, akatengeneza nyingine inaitwa H20, Aprili 2025 nayo ikazuiwa, Julai ikaruhusiwa, Agosti ikawa kwamba auze lakini serikali ya Marekani ichukue asilimia 15 ya mauzo. Na alipopata ruhusa, Beijing nayo ikaanza kuwaambia kampuni zake msizikimbilie hizo. Nilicheka sana hiyo wiki. Na Agosti 2023 Waziri wa Biashara wa Marekani, Gina Raimondo, mwenyewe kabisa msimamizi wa vikwazo, yupo ziarani China, Huawei wakatoa simu ya Mate 60 Pro yenye chipu iliyotengenezwa nchini kwao na SMIC, kampuni ya chipu ya China. Hawakusubiri hata mgeni aondoke.

China ina rungu lake, madini. Sio kwamba yapo kwao tu, ni kwamba uchenjuaji umejazana kwao. Agosti 2023 wakaanza kutaka kibali kwa galiamu na jemaniamu, Aprili 2025 wakaongeza madini adimu saba na sumaku zake, na mwezi uliofuata kiwanda cha Ford kule Chicago kikasimama kwa wiki kisa sumaku, vitu vidogo tu vya ndani ya mota. Oktoba 9, 2025 Beijing ikatangaza masharti makali zaidi, Trump akatishia ushuru wa asilimia 100, dunia ikashika roho, na tarehe 30 mwezi huohuo Trump na Xi wakakutana Busan, Korea Kusini, wakasimamisha. Sikiliza neno, wakasimamisha. China ikaweka pembeni masharti yake ya Oktoba kwa mwaka mmoja mpaka tarehe 10 Novemba 2026, na Marekani nayo ikaweka pembeni kwa mwaka ile kanuni yake mpya iliyokuwa inazigusa kampuni tanzu za zile zilizopo kwenye orodha. Kichwa cha habari kikisema "wamemaliza" tafuta hiyo tarehe ndani.

Tano, tafuta sahani wanayokula pamoja

Hii ndo iliyonifanya niandike yote haya, sababu kwenye ubishi wetu wa grupu haipo kabisa. Hawa watu wanapigana huku mikono mingine ipo kwenye sahani moja, na wanakubaliana palepale ambapo kila mmoja anaogopa kuungua, hawasogei hata inchi mbele ya hapo. Ukijua wanachoogopa wote wawili unaweza kubashiri watakubaliana wapi.

Mfano Urusi. Mei 2021 wahalifu wa kimtandao wa DarkSide waliokuwa wanaaminika wako huko walifunga mfumo wa Colonial Pipeline, bomba linalopeleka mafuta pwani ya mashariki ya Marekani, watu wakapanga foleni vituoni, kampuni ikalipa dola milioni 4.4. Juni 16 Biden akakutana na Putin Geneva, akampa orodha ya sekta 16 za kutoguswa. Watu tulicheka, orodha kweli? Lakini Januari 14, 2022 FSB, idara ya usalama ya Urusi, wakavamia nyumba za kundi lingine la REvil, wakakamata watu 14, na wakasema wazi ni kwa maombi ya Marekani. Wiki sita baadaye vifaru vimeingia Ukraine, na saa moja kabla ya vifaru mtandao wa setilaiti wa Viasat ukapigwa, modemu zikafa Ukraine na zaidi, mpaka mitambo ya upepo 5,800 Ujerumani ikapoteza mawasiliano. Ule ushirikiano wa kukamata wadukuzi ukafia hapo.

Ila angalia juu. Septemba 2022, vita imepamba, Mmarekani Frank Rubio anapanda roketi ya Soyuz ya Urusi, na Oktoba Mrusi Anna Kikina anapanda chombo cha SpaceX kutoka Florida, wote wanaenda kituo kimoja cha anga. Kile kituo kimejengwa kwa namna ambayo mmoja hawezi kukiendesha bila mwenzake, na kikianguka kinaanguka na watu wa wote.

China hivyohivyo. Mkataba wa sayansi na teknolojia aliosaini Jimmy Carter na Deng Xiaoping mwaka 1979 ulikuwa umeisha muda, unaongezwa miezi sita sita, kila mtu anasema umekufa, Desemba 2024 wakasaini tena miaka mitano, safari hii umekatwakatwa ubaki na sayansi ya msingi tu bila teknolojia nyeti. Mwezi mmoja kabla, pale Lima, Biden na Xi walikubaliana uamuzi wa kurusha nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu, sio akili mnemba. Mnaweza kunyimana chipu na bado mkakubaliana hilo, sababu hakuna anayetaka kuamka asubuhi programu imeamua.

Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa uhalifu wa mtandao nao usome hivi. Wazo lilisukumwa na Urusi, ukapitishwa Desemba 2024, Oktoba 2025 nchi zaidi ya 60 zikasaini Hanoi. China na Urusi wapo, nchi za Ulaya zipo, Marekani haikusaini. Zipo taasisi za haki za binadamu zinazoulalamikia kwamba serikali zitautumia kubana wakosoaji, na nikikumbuka sheria zetu za makosa ya mtandao huku zilivyotumika siwalaumu.

Mwisho, shuka mpaka kwenye waya wako

Mei 12, 2024 intaneti ilikufa hapa Tanzania na majirani, mnakumbuka, hadi ubalozi wa Marekani Dar ukafunga huduma siku mbili kwa sababu ya mtandao. Kwenye grupu asubuhi hiyo ilikuwa ni Warusi, mchana ni Wachina, jioni ni Wamarekani wenyewe. Ilikuwa ni mkongo wa EASSy na Seacom kukatika baharini huko kusini karibu na Afrika Kusini. Duniani mikongo inaharibika kati ya mara 150 na 200 kwa mwaka na nyingi ni nanga za meli na nyavu za wavuvi. Hata ile ya Bahari ya Shamu, Februari 2024, Wahouthi, wale waasi wa Yemen, walipiga meli ya Rubymar kwa kombora, lakini kilichokata mikongo inaaminika ni nanga yake iliyokuwa inaburuzwa wakati meli inaelea bila wenyewe. Kwahiyo intaneti ikikata, nanga kwanza, Putin baadaye.

Ugomvi wa kweli wa mikongo upo kwenye nani anajenga. Wachina wana PEACE iliyotua Mombasa 2022. Mkongo wa SEA-ME-WE 6 wa kutoka Singapore kwenda Ufaransa Marekani ilibana mpaka kazi ikatoka kwa kampuni ya China ikaenda kwa SubCom ya kwao. Alafu njoo kwenye 2Africa, ule mkubwa unaozunguka bara zima na umetua Dar na Mombasa. Anayeuongoza ni Meta, ambaye Facebook yake imefungwa China. Na mmoja wa wabia wake ni China Mobile, ambayo Marekani iliinyima leseni ya kufanya kazi kwake mwaka 2019. Huko kwao hawawezi kukaa chumba kimoja, huku kwenye mchanga wa bahari yetu wamelala waya mmoja.

Na rauta yako. Januari 2024 FBI walitangaza wamesafisha mamia ya rauta nchini Marekani zilizokuwa zimetekwa na Volt Typhoon, kundi linalohusishwa na China, ambalo lilizitumia kama kichaka cha kujificha wakati likiingia kwenye mifumo ya maji na umeme. Zilikuwa rauta za kawaida za maofisi madogo na majumbani, nyingi Cisco na Netgear za zamani ambazo kiwanda kilishaacha kuzitolea apdeti. Kwahiyo leo jioni igeuze ya kwako uone modeli, iandike kwenye Google uone kama bado inapewa apdeti, ubadilishe nenosiri kama bado ni admin admin, na uzime ile sehemu inayoruhusu kuiongoza kutoka nje. Kuna moja niliing'oa juzi Kariakoo kwenye duka la vipuri, ilikuwa na miaka kumi, mwenye duka akaniuliza kwani Mchina atafuta nini kwenye daftari langu la madeni. Nikamwambia daftari hana shida nalo, anataka mlango tu wa kupitia kwenda kwa mtu mwingine. Akaniambia basi apunguze bei ya mzigo.